Mashariki, Toa

Bunia, 14 Januari 2024

Yaya Néhémie,

Kaka yangu, naomba usome mpaka mwisho mbele ya kukasirika. Barua hii nimeipa Elysée wa moto, ule mwenye pikipiki, kwani simu ya mama inashinda naye sokoni, na mambo haya mama hapaswi kuyasikia.

Ulipopanda Mongbwalu na ile kazi ya kutengeneza motopompe za machimbo, kisha siku tatu bahasha ya Muzee Gaspard, mwalimu wako wa mambo ya ndege, ikafika kutoka Kisangani. Nikaifungua. Nilijiambia nitaangalia tu. Ndani mulikuwa ramani mbili, moja ya Ncha ya Kaskazini na moja ya Kusini, mazoezi kumi, na juu yake kwa bic nyekundu: «Majibu yanifikie kabla ya tarehe 20. La sivyo nafuta jina lako.»

Weye ulikuwa umeisha kwenda. Nikachukua rapporteur yangu ya masomo, ile ya kupima pembe, nikajaribu swali la kwanza kwa kucheza. Unajua vile niko. Mwalimu akiniita ubaoni, hata jina langu linanitoka. Lakini lile swali lilikuwa limenyamaza, linaningoja.

Huko kwenye barafu kila méridien, ule mustari wa kaskazini-kusini, inakimbilia nchani kukutana na zingine, kwa hiyo ukivuka chache tu, kaskazini yako imeisha kugeuka. Watu wa ndege wakachoka. Wakachora miraba juu ya ramani yote, wakasema: tutashika kaskazini moja tu, ile ya Greenwich. Ndiyo wanaita grille. Swali lote ni kutoka njia ya kweli kwenda njia ya grille. Ndege iko degré 40 Mashariki, inafuata 130 ya kweli. Kwa grille ni ngapi? Unatoa 40, unapata 90. Nikapima na rapporteur: tisini, sawasawa. Yaya, nilicheka peke yangu ndani ya nyumba.

Nikafanya yote kumi. Chini nikaandika jina lako. Bahasha iliondoka na ndege ya Ijumaa.

Sasa naogopa. Uniambie niache, ao niendelee.

Mudogo wako,
Arielle


Mongbwalu, 21 Januari

We Arielle!

Kumbe nyumbani tunafuga fundi wa barafu na hatujui! Elysée alinikuta ndani ya matope mpaka kiuno, nimekumbatia pompe kama bibi-arusi. Nikasoma palepale. Wachimbaji wananiuliza: «Fundi, ni mupenzi gani anakuandikia unacheka hivyo?» Nikawaambia ni mudogo wangu, ule asiyesemaka. Hawakuamini.

Sikukasirika. Nikuambie kweli, ile bahasha niliikimbia. Mara mbili nimekwenda Kinshasa kwa mutihani wa pilote, mara mbili ile sehemu ya ncha imenitupa chini. Mimi nataka kuendesha kandege ka Bunia na Isiro, wao wananiuliza habari ya theluji! Na sheria yao unaijua: mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Nikianguka tena, nitakuwa muntu wa pompe mpaka uzee.

Basi endelea. Mimi nitashika polepole nyuma yako. Unitumie kanuni fupifupi za kukaa kichwani, siyo maelezo ya profesa. Mama asijue. Ameisha kuambia soko lote kama mutoto wake ni pilote.

Néhémie


Kisangani, 3 Februari 2024

Bwana Néhémie Mumbere,

Nimesahihisha mazoezi yako. Majibu tisa ni sahihi. Naona pia umeacha kugandamiza kalamu mpaka karatasi itoboke. Nimefurahi, na mimi sifurahi ovyo.

Swali la kumi umelikosa, na kosa lenyewe nimelipenda, kwa sababu linaonyesha unakoishi. Ndege ilikuwa kusini, nyuzi 45 Mashariki, njia ya kweli 120. Ukatoa, ukapata 075. Ulipaswa kuongeza: 165. Umemtupa rubani robo nzima ya duara upande wa kushoto, mahali pasipo na mtu wa kumuuliza njia. Umehesabu kama mtu aliyesimama Bunia, juu kidogo ya ikweta, anayedhani dunia yote inatazama Ncha ya Kaskazini. Kwenye fomu uliandika kwamba baba yako alitoka Lubero. Lubero iko chini ya ikweta. Siku mlipohama mliuvuka mstari huo ndani ya lori na hakuna aliyeamka kuutazama. Ukivuka, karatasi inapinduka: Mashariki ambayo kaskazini inazunguka kinyume cha saa, kusini inazunguka pamoja na saa. Kaskazini, Mashariki toa. Kusini, Mashariki ongeza.

Usinitumie picha kwa simu. Picha hupindisha mistari.

Jambo la mwisho. Mtu aliyeanguka mara mbili, barua pekee hazimtoshi. Njoo Kisangani wiki ya kwanza ya Machi. Utakaa kwetu, mke wangu amekutengea chumba. Siku sita mezani, mimi na wewe. Nijibu upesi.

Gaspard


Bunia, 9 Februari 2024

Muzee Gaspard,

Nimepokea masahihisho na nimeelewa kosa langu la kusini. Aksanti sana. Kuhusu kuja Kisangani, kwa bahati mbaya kazi imenishika na sitaweza kuondoka mwezi wa Machi. Naomba tuendelee kwa barua. Unisalimie mama wa nyumba.

Néhémie Mumbere


Bunia, 9 Februari

Yaya,

Muzee Gaspard amejibu. Tisa kwa kumi! Anasema mistari yako imekuwa myembamba. Zaidi ya hayo hakusema kitu.

Kanuni ndiyo hii. Ujifanye umesimama mbele ya nyumba yetu, uso upande wa Fataki: hiyo ni kaskazini yako. Greenwich iko kushoto, degré 30 kutoka hapa. Siye watu wa Mashariki tumeizidi Greenwich, kwa hiyo tunatoa kile tulichozidi. Mashariki, toa. Magharibi, ongeza. Ukiimba hivyo na pompe yako itatosha.

Mama yuko muzima. Nimemuambia umetuma salamu.

Arielle


Mongbwalu, 25 Februari

Profesa,

Mashariki toa, Magharibi ongeza! Naimba tangu asubuhi. Wachimbaji wameshika wimbo, wanateremsha ndoo nao, hakuna mwenye anajua maana. Mumoja ameniuliza kama ni wimbo wa dini mupya.

Siku hizi barrière ya askari barabarani inafungwa na kufunguliwa bila muntu kujua saa. Ukiona barua imechelewa usilie. Bahasha ikifika, unijibie upesi. Nimeanza kuamini, Arielle. Nilikuwa nimeacha, sasa nimeanza tena.

Néhémie


Kisangani, 9 Machi 2024

Bwana Néhémie,

Mazoezi ya tano hayana kosa hata moja, hata yale ya kusini. Kwa hiyo nimetia sahihi attestation yako. Inasema kwamba mimi, Gaspard, nashuhudia kuwa mtahiniwa amefanya kazi hizi kwa mkono wake. Nimeituma Kinshasa. Mtihani ni Jumatatu tarehe 22 Aprili.

Kwa kuwa hukuweza kuja, nitakupigia kwa namba uliyonipa. Jumapili tarehe 17, saa nne asubuhi. Swali moja au mawili tu, nisikie sauti yako ikihesabu.

Gaspard


Bunia, 13 Machi

Yaya,

Elysée yuko mulangoni, anapiga honi. Muzee atakupigia Jumapili saa ine asubuhi! Panda kilima penye réseau ya simu inashika. Usiongee haraka. Akikutajia degré, andika kwanza. Mashariki toa. Magharibi ongeza. Mungu akusaidie.

A.


Kisangani, 18 Machi 2024

Bwana Néhémie,

Jana nilikupigia. Nilikuuliza swali ambalo umelijibu vizuri kwa karatasi mara nne: ndege kusini, nyuzi 60 Mashariki, njia ya kweli 090. Ukajibu haraka na kwa furaha: «Mashariki toa, Muzee! Zero trente!», yaani 030. Nikakuambia fikiri tena, tuko kusini. Ukasema: «Kusini ao kaskazini, Mashariki ni Mashariki.» Nyuma yako watu walikuwa wanacheka.

Jibu ni 150. Mwenye kufanya mazoezi yangu ya tano asingelikosa hata akiwa na homa.

Nimekaa usiku na karatasi zako zote. Karatasi za mwaka jana zina matundu. Za mwaka huu zimeandikwa na mkono mwingine, nami nilidhani ni mkono uliotulia. Nani alifanya kazi hizi? Jina langu liko Kinshasa chini ya ushahidi. Nakupa siku kumi na mbili. Nisipopata jibu, ofisi ya mitihani itapata barua yangu, na wewe hutaingia tena mlango ule.

Gaspard


Bunia, 22 Machi 2024

Muzee Gaspard,

Naitwa Arielle. Niko na miaka kumi na sita, nasoma math-physique, mwaka wa tano. Yaya Néhémie ni kaka yangu. Tangu Januari yuko Mongbwalu, na mazoezi yote, ni mimi. Sahihi zote chini, ni mimi. Mwenye alikataa kuja Kisangani ni mimi pia. Yeye hajui hata kama ulimuita.

Nilitaka kukuandikia kwamba nilifanya juu ya kumusaidia. Nimeandika hivyo mara tatu na nimepasua mara tatu. Siku ya kwanza ilikuwa hivyo. Kisha nilianza kungoja bahasha zako. Kwa jina la yaya sikuwa na haya. Niliweza kukujibu, kukuuliza, kubisha. Ulipoandika «nimefurahi» niliiweka ile karatasi ndani ya Biblia. Ulipomuita Kisangani nikaona kama akija, muchezo wangu umekwisha. Ndiyo sababu nilificha barua, na somo la kusini lilikuwa ndani yake. Ningeweza kumuandikia ule mustari mumoja mbele ya simu yako. Nafasi ilikuwapo. Lakini angeniuliza: hii umeijua lini?

Kwa simu alikujibu kile nilimufundisha. Kosa siyo lake.

Naomba usiandike Kinshasa vibaya juu yake. Hii ni mara yake ya mwisho. Ukitaka kuadhibu muntu, niko.

Arielle


Bunia, 22 Machi

Yaya Néhémie,

Ndani ya bahasha hii utakuta barua mbili za Muzee. Ya kwanza ni ya Februari. Nilikuambia hakusema kitu zaidi. Nilikudanganya. Soma pale anakuita, na pale anaeleza kusini. Ya pili ni ya juma hili. Soma yote.

Nimemuandikia ukweli wote. Sikukuomba ruhusa juu nilijua ungesema tungoje, nami ningekubali.

Sitakuomba unisamehe ndani ya barua. Barua nimeisha kuziharibu.

Arielle


Kisangani, 30 Machi 2024

Binti Arielle,

Nimeondoa attestation. Nimeandika Kinshasa kwamba nilitia sahihi kwa haraka, jambo ambalo ni kweli, na kwamba naiomba irudi. Habari zako sikuzitaja. Sikufanya hivyo kwa huruma. Ni aibu yangu, nami najua kuibeba mwenyewe.

Unaniambia ulifurahia. Nakuamini, na ndilo linaloniudhi zaidi. Nilikuwa navigateur, mpimaji wa njia ndani ya ndege. Niliivuka barafu ile mara kumi na moja, na nyuma yangu watu walikuwa wamelala. Walilala kwa sababu waliamini kwamba aliyeandika namba ndiye aliyezihesabu. Kaka yako angepata leseni kwa mkono wako, siku moja angekaa mbele, mama yenu nyuma, na mkono wako ungekuwa Bunia.

Meza yangu bado ipo. Kaka yako akifika hapa kabla ya tarehe 12 Aprili, nitampa maswali kumi mbele ya macho yangu. Akipata manane nitatia sahihi upya, na ataenda Kinshasa. Akipata saba, hapana.

Wewe usiniandikie kwa sasa.

Gaspard


Bunia, 3 Aprili

Yaya,

Hujanijibu. Sijui kama umekasirika ao barua haikufika. Elysée anasema tangu Jumatatu barrière imefungwa na moto hazipiti. Kwa hiyo naandika mara mbili: moja ya Elysée, moja ya mama Faida, ule wa samaki, anasema gari lao linaweza kupita na escorte ya askari.

Ufike Kisangani mbele ya tarehe 12. Muzee atakupa maswali kumi, unatakiwa manane. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia kila kanuni, ya kaskazini na ya kusini, na kila kosa nililofanya, hata yale ambayo Muzee hakuona. Sijaficha kitu.

Ukishindwa kufika nitajua ni juu yangu. Ukifika na kushindwa, vilevile.

A.


Kisangani, 15 Aprili

Arielle,

Karatasi ya mama Faida ndiyo ilifika. Ile ya Elysée, hata leo.

Nilipita Bunia tarehe 6 asubuhi. Sikuingia nyumbani. Nilisimama parking ya malori, nikanunua mukate, nikapanda. Nilijua nikikuona ukiangalia chini vile unafanyaka, nitasamehe haraka, na sikutaka. Pale kilimani niliaibika, Arielle. Wachimbaji walikuwa wamenizunguka, wanangoja fundi wao aongee na muzee wa ndege. Nikajibu kwa sauti kubwa. Kisha wakaona uso wangu.

Lori lilikufa Epulu, siku mbili. Nikalitengeneza mimi, dereva alikuwa anajua kulia tu. Ndani ya yale mangojeo nilihesabu juu ya vumbi la mulango wa lori, na kijiti. Nimefika hapa tarehe 11 jioni, nanuka mazout ya lori.

Muzee hakunipa mukono. Alinipa sabuni. Kesho yake saa mbili akaweka ramani mezani, akaketi mbele yangu, akavua saa yake. Saa tatu nzima hakukohoa.

Nimepata sita.

Za kusini zote nilipata. Nimeangukia zile za kuvuka Greenwich, pale Mashariki inageuka Magharibi katikati ya safari na kutoa kunakuwa kuongeza. Hakutia sahihi. Tarehe 22 siendi Kinshasa.

Sasa sikiliza. Kwa ile attestation yako ningekwenda, ningeanguka, na ingekuwa mara ya tatu. Mulango ungefungwa kabisa. Sasa sijaingia, kwa hiyo mara ya tatu ingali yangu. Mtihani mwingine uko Octobre. Muzee anasema nibaki. Asubuhi natengeneza groupe za umeme za watu wa mtaa, alasiri mezani. Jana nimepata saba. Mama wa nyumba anasema nikipata nane atachinja kuku. Muzee anasema kuku aendelee kuishi kwa amani.

Sijamaliza kukasirika. Nakuambia ili ujue.

Nimemupigia mama. Nimemuambia kile nilifanya mimi: kwamba niliikimbia bahasha na nikakubali muntu aniandikie. Akauliza ni nani. Nikasema atakuja kukuambia mwenyewe. Umuambie kwa mudomo. Ukimuandikia nitajua.

Néhémie


Bunia, 20 Aprili

Yaya,

 Siku nne mama alikuwa ananiangalia tu wakati wa kula. Leo nimemuambia, sokoni, mchana, kwani nyumbani ningekimbilia chumbani.

Alikuwa anapima kitambaa cha pagne kwa muteja. Nikasema: «Mama, mazoezi ya yaya, ni mimi.» Akasema: «Nini? Ongea, kuna makelele.» Nikasema tena. Akaweka mukono kwenye sikio. Yaya, nilisema mara ya tatu kwa nguvu mpaka mama Léonie wa meza ya pili akageuka, na muteja akaacha kitambaa. Nikaendelea, kwani nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Bahasha, jina lako, barua ya Februari, simu ya kilimani. Mama Léonie akasema: «Huyu si alikuwa bubu?» Mama hakucheka.

Alikunja pagne, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaniuliza: «Miezi mitatu kila asubuhi niko magotini kwa ajili ya mutihani wa Néhémie. Nilikuwa naombea nani?»

Nikamujibu: «Uliombea yaya, mama. Mwenye alipokea ni mimi.»

Akaniangalia mpaka nikataka kushusha macho. Sikushusha.

Akasema: «Basi umurudishie.» Akamugeukia muteja, akaanza kupima upya.

Sijui kitu kama hicho kinarudishwa namna gani. Ukiisha kukasirika, uniambie nianzie wapi.

Arielle